Tanuu Chini ya Njia Mpya ya Ndege

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni kitako kwanza. Mimi darasani sikukaa. Kusoma nilikujulia chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, mbele ya juzuu, na kuandika nilijifundisha mwenyewe kwa kuchungulia madaftari ya wanangu. Kwa hivyo msinitafutie maneno ya mapambo. Mnaona ndege zinapita juu ya mapaa yenu, mkadhani huko juu ni uwanda mtupu, kila mwenye mbawa apita atakako. Sivyo. Angani kuna njia na kuna marufuku, kama mashambani. Mimi nililijua hilo siku ambayo mwanangu wa kike alikuwa huko juu akivuja damu, nami niko chini namtazama.

Nyumba yetu ilikuwa kaskazini ya kiwanja cha ndege cha Malindi, pale mji ulipokuwa ukiishia na mikorosho ikianza. Kazi yetu ilikuwa kuchoma chokaa. Miaka ile ya themanini simiti ilikuwa imekwisha kuingia kila duka, lakini misikiti na makaburi bado yalitaka chokaa, na mahoteli yaliyokuwa yakichipuka ufuoni yalitaka kuta nyeupe za kung'aa juani. Mume wangu na vibarua wawili walikuwa wakileta matumbawe kutoka pwani kwa mkokoteni. Mimi nilisimamia kuni na kupanga.

Wengi wenu hamjaliona tanuu, basi nitawaeleza. Si jengo. Ni magogo ya mkoko na minazi yaliyolazwa duara, vichwa vyote vikitazama katikati, safu juu ya safu, mpaka likafika kifuani mwa mtu. Katikati huachwa tundu, hutiwa makumbi ya nazi na matawi makavu. Juu yake hupangwa matumbawe. Likishawashwa, huwaka mchana kutwa na usiku kucha, na mwisho mawe yaliyokuwa magumu huwa meupe, mepesi, ukiyanyunyizia maji yanapumua na kuwa unga. Kuni zikiwa na unyevu, saa za mwanzo hutoa moshi mzito, mweupe kama pamba chafu, na moshi huo haupandi. Hutambaa.

Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, tulikuwa tunakaa naye. Yeye alitoka mashamba ya ndani, nyuma huko, katika watu wanaojua miti na miiko. Kwa watu wake na kwake yeye, tanuu lilikuwa kama mwanamke mjamzito. Ukilipanga, limeshika mimba. Ukiliwasha, limeshikwa na uchungu. Asubuhi likiwa jeupe, limejifungua. Kwa hivyo alikuwa na miiko miwili, na vibarua wote waliijua. Wa kwanza: tanuu lililokwisha kupangwa halilali baridi ikiwa mtu wa nyumba hiyo ameshikwa na uchungu, maana litamfunga. Wa pili: tanuu likishawaka halivunjwi, kwani ukilivunja umevunja mimba ya mtu. Mimi sikuwa na ugomvi na miiko hiyo. Ilikuwa haijawahi kunigharimu kitu.

Binti yetu wa kwanza tulimwoza Lamu, kwa mwalimu wa shule, kijana mpole. Alipopata mimba ya kwanza ilikuwa aje azalie kwetu, kama ada ilivyo, mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Lakini mvua za masika zilikuwa kali mwaka ule, Mto Tana ukafurika, barabara ya Lamu ikakatika. Tukasema si neno, mwezi wake bado, maji yatapungua. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumpangia chumba.

Siku hizo ndipo alipokuja yule bwana wa redio. Alikuwa kijana wa bara, mwembamba, kazi yake kukaa ndani ya kibanda cha kiwanja akizungumza na marubani. Alikuja kwa baiskeli, jua kali, shati limemganda mgongoni. Mavyaa alikuwa barazani anachambua mchele.

"Habari ya saa hii, mama," kijana akasema.

Mavyaa hakuinua macho. "Saa haina habari, mwanangu. Wenye habari ni watu. Huko kwenu hamna shikamoo?"

Kijana akacheka, akashika kichwa. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa kaa. Umekuja kuuza nini?"

"Siuzi, bibi. Nimekuja kwa sababu ya moshi."

Akatueleza. Ndege za Lamu zamani zilikuwa zikija pwani pwani, rubani anafuata ukingo wa bahari kama mtu anayefuata ukuta gizani, akifika mbele ya mji anakata kidogo na kutua. Sasa wanajeshi walikuwa na mazoezi baharini. Walikuwa wakipiga mizinga kutoka kwenye meli, na ndege zao wenyewe zilikuwa zikipita kasi huko huko. Anga ile yote ya baharini ilikuwa imefungwa, kuanzia juu ya maji mpaka mbali mawinguni. Ndege za abiria zilikuwa zimepewa njia nyingine: ziiache bahari mapema, zipite bara juu ya mashamba, kisha zishuke moja kwa moja kutoka kaskazini.

"Na hapo pa kushukia," akasema, "ni hapa. Juu ya kichwa chako, mama. Kwa huu upepo wa kusi, unaotoka kusini, lazima zije zikiukabili, zitokee upande huu. Na moshi wenu kusi inausukuma huko huko zinakotokea. Rubani hataona kiwanja."

"Hebu niambie," mavyaa akasema, "huko angani nani alipiga vigingi? Nani alipanda michongoma, mpaka ndege iambiwe hapa pita na hapa usipite?"

"Wenyewe wanajua, bibi. Imechorwa kwenye ramani."

"Na ikipita?"

Kijana hakucheka tena. "Ikipita, bibi, mzinga hauna macho."

Tukasikia wakati ule ule mlio kutoka baharini, mzito, kama mtu ameangusha gunia la chumvi ghalani. Kuku wakainua vichwa. Mavyaa akaendelea na mchele wake.

Tanuu letu lilikuwa limekwisha kupangwa, kubwa, la kuagizwa. Nilimuuliza kijana marufuku itakwisha lini. Akasema hajui, akisikia tu atakuja mwenyewe kutuambia. Nikampa ahadi mbele ya mume wangu na mbele ya mavyaa na vibarua: moto hautawashwa mpaka neno lake. Mume wangu akaguna kwa sababu ya wateja, lakini akakubali. Mavyaa akasema, "Tanuu kulala baridi si vizuri." Nikamwambia, "Hakuna mtu mwenye uchungu hapa, mama." Akachukua ungo wake akaingia ndani. Mimi nikaona neno limekwisha.

Haukupita muda mrefu. Alasiri moja nilikuwa nafua, mume wangu yuko pwani na mkokoteni, nikasikia kengele ya baiskeli inalia bila kukoma. Kijana wa redio aliitupa baiskeli chini kabla haijasimama. Safari hii hakuna shikamoo wala habari.

"Mama, una binti Lamu? Mume wake mwalimu?"

Sabuni ikanitoka mkononi.

"Ameshikwa na uchungu kabla ya wakati," akasema. "Anatoka damu. Daktari wa huko amesema afikishwe hospitali kubwa haraka, na barabara hakuna. Rubani wa ndege ya jioni amekubali kumchukua, wamemlaza pale pa viti vya nyuma. Wametoka sasa hivi. Nimeita gari la kiwanja limngoje. Njoo, atakuhitaji."

Nikachukua leso mbili na kanzu safi. Mavyaa alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Nikamwambia, "Mama, mjukuu wako anakuja. Omba Mungu. Nitakuletea habari." Akasema, "Ameshikwa?" Nikasema, "Ameshikwa." Nikapanda nyuma ya baiskeli ya kijana, mtu mzima mimi na buibui langu, tukaenda.

Kiwanja cha miaka ile kilikuwa kitu kidogo. Kibanda cha redio, chumba cha abiria chenye mabenchi, mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti wa kuonyesha upepo, na lami. Mfuko ule ulikuwa umejaa, umenyooka kuelekea kaskazini, kuelekea kwetu. Gari lilikuwa tayari, godoro limetandikwa nyuma, dereva anavuta sigara kwa haraka. Kijana akaingia kibandani akaniacha mlango wazi, nikasimama kizingitini.

Akasema na rubani kwa Kiingereza. Sikuelewa. Lakini mtambo ule ulikuwa ukitoa kila sauti iliyomo ndani ya ndege, na nyuma ya maneno ya rubani nikasikia mtu anaguna. Si kilio. Mguno, wa meno yaliyobanwa. Nilikuwa nimeusikia mguno huo tangu akiwa mtoto wa kutolewa mwiba mguuni. Nilimjua. Nikashika mbao za mlango.

"Yuko karibu," kijana akaniambia. "Ameshaiacha bahari. Anakuja juu ya mashamba."

Nikageuka kutazama kaskazini ili niione ikija. Badala ya ndege nikaona moshi.

Ulikuwa unatoka nyuma ya mikorosho, mpana, mweupe, unalala chini na kusogea. Ulikuwa umeshafunika vichwa vya minazi, na nyuma yake hakukuwa na mbingu wala miti. Mara ya kwanza nilijiambia ni mtu anachoma shamba. Lakini mikono yangu imepanga matanuu tangu nilipoolewa. Moshi wa tanuu naujua kama moshi wa jiko langu.

Kijana akatoka, akasimama kando yangu. "Mama, ile ni nini?"

"Ni kwangu," nikasema.

Akanitazama, na sikuona hasira machoni mwake, niliona hofu tu. Akarudi mbio kwenye mtambo. Nikaisikia ndege kabla ya kuiona. Ilinguruma ndani ya ule weupe, ikaja, ikaja, sauti ikashuka kama inataka kutua, halafu ikalia kwa nguvu ghafla na kupanda. Ikatokea juu ya moshi, ndogo, tumbo lake juani, ikapita juu ya kiwanja bila kugusa chini. Haikuwa imekaa sawa na njia ya kutulia. Ilikuwa upande, juu ya chumba cha abiria, na dereva akajitupa chini ya gari lake.

"Hakuona kitu," kijana akasema. "Anasema hakuona kitu mpaka amepita."

"Atoke upande mwingine," nikasema. "Atoke baharini."

"Baharini pamefungwa."

"Mwambie ana mgonjwa!"

"Nimewaambia, mama." Alikuwa ameshika simu kwa mkono mmoja na redio kwa mkono mwingine. "Wanasema ningoje. Lazima waulizane na meli. Wanasema ngoja."

Kutoka baharini ukaja ule mlio, mmoja, na wa pili ukaufuata.

"Na Mombasa?"

Akatingisha kichwa. "Ni mbali, na lazima azunguke bara. Mume wake yuko ndani, anasema damu haikatiki. Hafiki."

Sikungoja zaidi. Nikamshika dereva shati. "Nipeleke kwangu."

"Mama, hili gari ni la kungoja mgonjwa."

"Mgonjwa hatatua mpaka mimi nifike kwangu! Washa!"

Aliendesha njia ya mikorosho kama mwizi. Kila tulivyokaribia, jua lilizidi kupungua, mpaka ikawa kama tumeingia ndani ya chandarua. Macho yakatuchoma. Nikashuka gari halijasimama.

Tanuu lilikuwa limeshika katikati, ndimi nyekundu zinachungulia kati ya magogo, na kuni zilizokunywa masika zinatema moshi kila upande. Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka pwani, mkokoteni umeanguka ubavu, amesimama haelewi. Vibarua wawili walikuwa kando, wameinamisha macho. Na mavyaa wangu alikuwa amekaa kigodani mbele ya moto, kilemba amekivua, nywele amezifumua zote, mafundo ya leso yake yote ameyafungua. Nyuma yake milango yote ya nyumba ilikuwa wazi, masanduku wazi, hata mitungi haina vifuniko. Kila kilichofungika alikifungua.

"Nani amewasha?" nikasema.

"Mimi," akasema. "Mjukuu wangu ameshikwa, na tanuu liko baridi. Ulitaka afungike?"

"Mama, ndege haioni njia. Imekuja ikashindwa. Yeye yumo ndani."

"Itaona. Ndege si ya watu wenye ilimu?"

"Rubani ni mtu! Ana macho mawili kama yako! Tunalivunja tanuu hili sasa hivi."

Akasimama. Alikuwa mfupi, lakini siku ile alikuwa mlango mzima. Akanyoosha mikono mbele ya moto. "Thubutu. Weye vunja, utakuwa umemvunja mwanao kwa mkono wako. Mimi nimewazalisha wanawake wa nyumba ngapi! Nimekuzalisha weye mwenyewe! Lilipigwa moto tanuu, na huyu unayemlilia akatoka mzima!"

Ilikuwa kweli. Siku niliyomzaa binti huyo, tanuu lilikuwa linawaka uani. Ndege ikanguruma juu yetu, haionekani, ikapita.

Nikamtazama mume wangu. Yeye akamtazama mamake, akanitazama mimi.

Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumgusa mavyaa isipokuwa kumbusu mkono. Siku ile nilimshika kwapani, nikamwinua kama mzigo wa kuni, nikambeba, anapiga mateke, nikamweka mbali juu ya mchanga. Alikuwa mwepesi. Hilo ndilo lililonitia uchungu, wepesi wake.

"Leteni mchanga!" mume wangu akasema sasa. Vibarua wakaanza kurusha mchanga kwa sepetu. Moto ukazama, na moshi ukatoka mara mbili, mweusi safari hii, ukatuziba pumzi. Kibarua mmoja akaanguka magoti akikohoa.

"Acheni mchanga! Mnauzidisha moshi!" nikapiga kelele.

"Maji basi!" akasema kibarua wa pili.

"Ukimwaga maji mawe yatatupasukia usoni," mume wangu akasema. "Si maji."

"Vuteni magogo," nikasema. "Moja moja. Tupeni shimoni."

Tulikuwa na shimo la kuchimba udongo, limejaa maji ya mvua. Nikailoweka leso, nikajifunga uso na mikono, nikashika gogo kwa upande usiowaka, nikavuta. Mawe yakaporomoka. Nyuma yangu nikasikia mume wangu anasema kwa sauti ya mtoto, "Mama, niwie radhi," kisha upondo wake, mti mrefu, ukaingia kati ya magogo na kuyanyanyua. Tukavuta. Kila gogo lililoingia majini lilipiga kelele na kutoa mvuke mweupe, ukapanda mara moja, ukapotea. Dereva wa gari naye akavua shati akaja. Jirani mmoja mkata makuti akaja na panga, akaona, hakuuliza, akashika gogo.

Juu yetu ndege ikazunguka tena. Safari hii niliiona, kwa upenyo mdogo. Ilikuwa imeinama ubavu, inaelekea pwani.

"Asiende huko!" dereva akapiga ukelele, kama vile rubani atamsikia. "Asiende huko, jamani!"

Mlio wa baharini ukapiga. Ndege ikazidi kuinama, ikazidi kuelekea majini, na mimi nikaacha gogo. Sikuomba dua. Sikukumbuka dua hata moja. Nilikuwa nasemezana na ile ndege kwa macho tu: geuka, geuka, geuka. Ikageuka. Ilikata juu ya mstari wa minazi ya ufuoni, ikarudi bara.

"Kazi!" nikawapigia kelele wote, na mimi mwenyewe. "Nani amewaambia msimame?"

Tulipofika katikati, pale moto ulipokuwa umeshika kweli, hapakuwa na moshi tena, palikuwa na moto msafi, mwekundu. Tukauacha uwake peke yake. Kusi ikaendelea kupuliza, ikaubeba moshi uliobaki, ikaupeleka huko mbali kwenye mashamba. Minazi ikaonekana. Nyuma ya minazi, mbingu.

Ikaja. Ilikuja chini sana, magurudumu nje, nikaona misumari ya tumbo lake. Upepo wake ukayapuliza majivu yakatupanda mwilini. Mavyaa alikuwa ameketi pale pale nilipomweka, uso juu, akaitazama ikipita kama mtu anayetazama jeneza. Ikazama nyuma ya mikorosho. Tukasikia magurudumu yakigusa lami, mlio mmoja mkali, halafu injini ikatulia.

Dereva alikuwa ameshaingia garini, nami nikamfuata.

Hospitali sitawaeleza sana. Nilimwona binti yangu kwa kitambo kidogo, midomo yake rangi ya jivu, akasema, "Mama, mbona unanuka moshi?" Wakamwingiza ndani wakafunga mlango. Mkwe wangu mwalimu alikaa sakafuni, suruali yake imekauka damu, anarudia aya moja hiyo hiyo. Mlango ulipofunguliwa muuguzi alikuwa amebeba mtoto wa kike, mdogo kama kitumbua, anapiga kelele kubwa kuliko mwili wake. Mama yake walimpasua, na alikuwa hai. Daktari alisema angechelewa kidogo tu, tungezika wawili.

Niliporudi nyumbani, mavyaa alikuwa bado mchangani. Hakula wala hakunywa, wala hakumruhusu mtu kumfunika. Nikakaa chini mbele yake.

"Msichana," nikasema. "Wazima wote wawili."

Akafumba macho. Baadaye akauliza, "Alifunguka kwa moto, au baada ya kuvunja?"

"Kwa kisu cha daktari, mama."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi mimi sijui," akasema. "Sijui kama nilimfungua au nilitaka kumuua. Niambie weye."

Nikamwinua, safari hii kwa adabu, nikamwingiza ndani, nikamnywesha uji.

Asubuhi akaja askari wa chifu pamoja na kijana wa redio. Askari alisimama na fimbo yake, akauliza mbele ya majirani: nani aliwasha moto uliokatazwa, maana ndege ilikaribia kuanguka na watu wamo, na mtu huyo lazima akasimame mbele ya chifu. Vibarua wakatazama chini. Mume wangu akalamba midomo. Ndani ya nyumba nikasikia kitanda cha kamba kinalia. Mavyaa alikuwa anajaribu kuinuka.

"Mimi," nikasema.

Kijana wa redio alinikodolea macho. Yeye alikuwa amesimama na mimi kiwanjani, bega kwa bega, moshi ule ulipotokea. Alijua, na alijua kuwa ninajua anajua. Nikamtazama bila kupepesa. Askari akamuuliza, "Ni huyu?"

"Mama mwenyewe amesema," akajibu. "Mimi nina nini cha kuongeza?"

Kwa chifu nilikemewa mbele ya watu nikiwa nimesimama juani, nikaitwa mwanamke jeuri asiyesikia, nikaamriwa tusichome tena mahali pale. Nikasema nimesikia. Hapana lililoniuma. Bibi wa umri ule kusimamishwa kwa chifu kwa kosa la kumpenda mjukuu wake, hilo ndilo lingeniuma. Na mtoto aliyezaliwa siku ile akue akiambiwa, bibi yako huyu ndiye aliyekufungia njia? Na familia ya mkwe wangu waje wakae barazani kwangu wakimtazama mzee yule kwa pembe ya jicho? Hapana.

Mavyaa aliishi miaka mingine, akamfundisha mtoto yule majina ya miti yote, akazikwa na watu wengi. Mtoto mwenyewe ni mtu mzima sasa, nimemwambia kweli yote kwa mdomo wangu, na ndiye aliyesema niandike. Lakini siku ile kweli ilikuwa bado changa na ingeweza kuua mtu. Kwa hivyo nilipotoka kwa chifu niliwakusanya wote uani, mume wangu, vibarua, jirani mkata makuti, hata dereva aliyekuja kuulizia hali, nikasema kwa sauti ndogo ili isifike ndani, ambako mavyaa alikuwa amelala tena:

"Moto ule niliwasha mimi. Atakayesema vingine, nyumbani kwangu asile wala asiketi, awe mume, awe mwana. Haya, chukueni majembe mfukie lile jivu na msawazishe mchanga, kabla mama hajaamka akaliona tena."